Tafuta Swali Lako: Hotuba kwa Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza ya Hisabati

Wengi hamkuweza kufika siku ya mkutano wa wanafunzi wa hisabati, na mmeniomba maneno yale niyaweke kwa maandishi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha. Pale zilipohitajika nimezieleza kwa maneno, kwa hiyo uwe na kalamu na karatasi karibu.

Ndugu wanafunzi, hamjambo?

Hamjambo tena! Najua wengi mmetoka moja kwa moja kwenye kipindi cha aljebra na mmechoka, kwa hiyo nawashukuru kwa kuja.

Nianze na swali. Nani kati yenu amewahi kukaa na swali moja la hisabati kwa wiki nzima? Sisemi zoezi la kukusanya Ijumaa. Nasema swali ambalo halina alama wala tarehe ya mwisho, ila limekuganda kichwani hadi unaoga nalo, unatembea nalo, unalala nalo. Nyosheni mikono.

Naona mikono minne, na ukumbi huu una watu zaidi ya mia moja. Msione haya. Mimi nilipokuwa nimekaa mlipokaa ninyi, wangu pia usingenyooka.

Nilisoma shahada ya kwanza na nikafaulu vizuri. Nilihudhuria kila kipindi, nikanakili kila kilichoandikwa ubaoni, nikarudia mitihani ya miaka iliyopita mpaka nikaijua kwa moyo. Siku ya mahafali, mzazi wa mwenzangu mmoja akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, katika hiyo hisabati, wewe unapenda nini hasa?" Nikakosa jibu. Nimevaa joho, nimeshika cheti, na sina jibu. Klabu ya hisabati ilikuwepo miaka yote ile. Semina zilikuwepo. Milango ya wahadhiri ilikuwa wazi. Hakuna aliyenizuia kuingia, na hakuna aliyeniambia niingie. Ndiyo maana leo nimesimama hapa kuwaambia ninyi.

Zoezi lililo mwishoni mwa sura lina siri mbili ambazo unazijua kabla hujaanza: jibu lipo, na njia ya kulipata imo ndani ya sura hiyo hiyo. Swali la kweli halikupi hata moja kati ya hizo. Hujui kama jibu lipo, hujui litatoka wapi, na pengine hujui hata kama umeliuliza sawasawa. Mazoezi ni lazima. Bila mazoezi mkono haukomai. Lakini mtu anaweza kufanya mazoezi miaka mitatu au minne, akahitimu, asikutane na swali hata moja. Swali linapatikana kwenye yale yanayofanyika nje ya ratiba: kikundi, mradi wa utafiti, mashindano, semina, kumfundisha mwenzako. Watu huyaita mambo hayo shughuli za ziada. Neno hilo silipendi. Ziada ni kitu ambacho ukikikosa hujapungukiwa.

Ngoja niwapeleke Budapest, mji mkuu wa Hungaria, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vijana wachache, wengi wao Wayahudi, wanakutana kwenye bustani kubwa ya mji, penye sanamu ya mwandishi wa kale asiyejulikana jina, ambaye watu humwita Anonymus. Hawana ukumbi, hawana bajeti. Na zama zenyewe ni mbaya kwao: nchi imeshaweka sheria ya kubana idadi ya Wayahudi vyuoni, na kupata kazi ni shida. Mmoja wao ni Paul Erdős, ambaye akiwa bado mwanafunzi ametoa uthibitisho mpya, mwepesi kuliko uliokuwepo, kwamba kati ya namba nzima yoyote kubwa kuliko 1 na maradufu yake kuna namba tasa. Mwingine ni George Szekeres, anayesomea uhandisi wa kemikali. Mwingine ni Esther Klein, anayesomea fizikia. Mmesikia? Kemikali na fizikia! Wanakuja bustanini kwa sababu wanayapenda maswali.

Siku moja Esther analeta swali. Chukua karatasi yako. Weka pointi tano popote upendapo, ila tatu zisikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Esther anasema: hata uziweke vipi, miongoni mwa hizo tano zipo nne zinazounda pembenne ambayo kona zake zote zimetokeza nje, hakuna kona iliyobonyea ndani.

Kwa nini? Fikiria kila pointi ni msumari, na umeivutia misumari yote mpira wa kufungia, kisha ukauachia. Mpira utaishika ile misumari ya nje tu. Kama umeshika mitano au minne, hatuna kazi: chukua minne kati ya hiyo. Tabu ni pale mpira unaposhika mitatu tu, ukafanya pembetatu, na misumari miwili ikabaki ndani. Hapo piga mstari upite kwenye ile miwili ya ndani. Mstari unaikata pembetatu vipande viwili. Kona ziko tatu, pande za mstari ziko mbili. Kwa hiyo lazima kona mbili ziangukie upande mmoja. Zichukue hizo kona mbili pamoja na misumari miwili ya ndani. Tazama! Pembenne, na hakuna kona iliyobonyea.

Nimesikia "ahaa" kutoka kule nyuma. Asante. Hiyo ndiyo sauti niliyoikosa miaka yote ya shahada yangu.

Wale vijana hawakuishia hapo. Wakauliza: na pembetano je? Zinahitajika pointi ngapi ili uwe na hakika? Wakapata kwamba zinahitajika 9. Na pembesita? Na kuendelea? Mwaka 1935 Erdős na Szekeres wakachapisha makala wakithibitisha kwamba, kwa umbo la kona zozote utakazotaka, idadi ya pointi inayotosha ipo. Lakini idadi yenyewe hasa? Kwa pembesita jibu ni 17, na uthibitisho wake, uliofanywa na Szekeres na mwenzake kwa msaada wa kompyuta, ulichapishwa mwaka 2006. Zaidi ya miaka 70 baada ya yale mazungumzo ya bustanini! Na kisio lao la jumla, yaani idadi hasa waliyoikisia kwa umbo la kona zozote, bado halijathibitishwa.

Kuna jambo moja zaidi. George na Esther walioana mwaka 1937, na Erdős akaliita swali lile swali lenye mwisho mwema. Walikimbia vita, wakaishi Shanghai, kisha Australia, wakafundisha hisabati huko. Walifariki siku moja, tarehe 28 Agosti 2005, wakipishana kwa muda usiofika saa moja. Siwaahidi ndoa, ndugu zangu! Nawaonyesha tu kwamba urafiki uliojengwa juu ya swali unaweza kumshika mtu maisha yake yote.

Sasa, sisi tufanye nini? Tuunde vikundi. Na hapa niseme wazi, kwa sababu neno kikundi limeharibiwa. Kundi la simu ambalo mmoja anapiga picha majibu yake na wengine ishirini wananakili si kikundi; ni duka la majibu. Kikundi ninachosema mimi ni watu wanne au watano, siku moja kwa wiki, ubao mmoja, swali moja. Anayeeleza anasimama bila daftari. Akikwama, wengine hawamrukii, wanasubiri. Ule ukimya wa mtu aliyekwama ubaoni, wenzake wakimtazama kwa upendo bila kumharakisha, ni darasa ambalo mimi sijui kulifundisha kwa njia nyingine yoyote.

Nije kwenye utafiti. Najua neno hilo linawatisha. Mnadhani utafiti ni wa wenye shahada ya uzamivu. Naomba mnisikilize.

Miaka ya 1936 hadi 1938, katika chuo cha Trinity, Cambridge, walikuwepo wanafunzi wanne: Brooks, Smith, Stone na Tutte. Bill Tutte alikuwa mtoto wa mtunza bustani, na alikuwa akisomea kemia. Mnaona tena? Kemia! Wakakutana na fumbo kwenye kitabu cha mafumbo, nalo likawafikisha kwenye swali hili: je, mraba unaweza kukatwa ukawa miraba midogo ambayo hakuna miwili inayolingana? Kulikuwa na waliosema haiwezekani.

Kwa mstatili ilikuwa inajulikana kwamba inawezekana. Mwaka 1925 Mpoland Zbigniew Moroń alichapisha mstatili wa 33 kwa 32 uliojazwa na miraba tisa isiyolingana. Uchoreni. Juu, kushoto weka mraba wa 18, kulia weka wa 15. Chini ya ule wa 15 weka wa 7 na wa 8. Chini ya ule wa 18 weka wa 14 na wa 4. Nafasi iliyobaki jaza wa 10, wa 1 na wa 9. Hesabuni maeneo muone: jumla ni 1,056, ambayo ni 33 mara 32 kamili.

Sasa tazameni mistari ya mlalo ndani ya mchoro. Juu ya mstari mmoja upo mraba wa 15, chini yake upo wa 7 na wa 8. Saba na nane ni kumi na tano. Juu ya mstari mwingine upo wa 18, chini yake upo wa 14 na wa 4. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Hii mmeiona wapi? Fizikia, umeme! Ni kanuni ya Kirchhoff: umeme unaoingia kwenye kiungo ni sawa na unaotoka. Wale vijana wanne waliona kwamba kila mstari wa mlalo ni kiungo, kila mraba ni waya, na urefu wa upande wa mraba ni kiasi cha umeme unaopita. Fumbo la kukata maumbo likageuka kuwa hesabu ya nyaya za umeme, na nadharia nzima ya umeme iliyokuwa imejengwa na wengine ikawa mali yao. Wakaandika makala, ikachapishwa mwaka 1940, na watu wanaisoma mpaka leo. Mraba wa aina hii wenye miraba michache kuliko yote ndani yake, 21 tu, na upande wa 112, ulipatikana kwa kompyuta mwaka 1978.

Na Tutte? Vita vilipokuja alipelekwa Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuvunja maandishi ya siri ya adui. Huko, kwa kutazama maandishi yaliyonaswa tu, aligundua jinsi mashine ya siri ya Wajerumani iitwayo Lorenz ilivyojengwa, mashine ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameiona kwa macho. Jicho lile lilinolewa wapi? Mimi naamini miraba ile ina sehemu yake.

Mtasema hizo ni hadithi za kale, siku hizi yote yameshagunduliwa. Basi chukueni ya juzi. Januari 2025 ilitoka makala juu ya jinsi kompyuta inavyotafuta nafasi kwenye jedwali la kuhifadhia data wakati jedwali limekaribia kujaa. Tangu mwaka 1985 wataalamu waliamini kwamba kuna njia fulani ya kutafuta isiyoweza kupitwa kwa kasi. Aliyepata njia ya kuishinda alianza kazi hiyo akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Hakuwa na habari ya lile kisio la mwaka 1985. Hakujua kwamba haiwezekani!

Sasa, utafiti unaanzaje kwako wewe? Nitawaambia nilivyoona mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aligonga mlango wangu, ameshika karatasi mbili zilizokunjwa-kunjwa. Alikuwa amepigia mstari neno moja tu. Akaniambia, "Samahani mwalimu. Hapa mwandishi anasema 'ni dhahiri'. Mimi sioni udhahiri wake." Nikasoma. Nikasoma tena. Nikachukua chaki. Baada ya nusu saa tukawa tumekubaliana kwamba haikuwa dhahiri hata kidogo; ilihitaji hatua tatu, na hatua ya pili ilifanya kazi kwa hali fulani tu. Akauliza: "Na hali ile nyingine?" Pale pale akapata mradi wake. Hakuja kuniambia, "Mwalimu, naomba unipe utafiti." Angekuja hivyo nisingejua nimpe nini. Alikuja na karatasi mbili alizozisoma kweli, na neno moja lililomkera.

Kuuliza si ujinga. Wahenga walishalimaliza hilo. Saa za kuonana na wanafunzi zimebandikwa kwenye kila mlango, na nawaambia kwa masikitiko kwamba wiki nyingi saa hizo tunakaa peke yetu hadi wiki moja kabla ya mtihani.

Ipo pia kazi ya kuanza nayo bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1964 mwanafunzi aitwaye Neil Sloane alianza kukusanya mifuatano ya namba. Leo mkusanyo huo, OEIS, umo kwenye intaneti tangu 1996, una mifuatano zaidi ya 350,000, na mtu yeyote anaweza kujisajili na kupeleka mfuatano wake ukakaguliwa. Weka pointi kwenye duara, ziunganishe zote kwa mistari, uhesabu vipande vya duara, ukipanga pointi ili mistari mitatu isikutane mahali pamoja. Kwa pointi 1 kipande ni 1, kisha 2, 4, 8, 16. Inayofuata? Nasikia 32. Wote mmesema 32. Ni 31! Nendeni mkahesabu. Mara nyingi swali lako la kwanza litazaliwa hivyo, pale mpangilio uliouamini utakapokuvunja moyo.

Na wakati wa likizo ndefu zipo programu za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Nchini Marekani shirika la National Science Foundation limekuwa likizifadhili tangu miaka ya 1980. Fedha zake kwa kawaida ni za raia na wakazi wa kudumu wa huko, lakini baadhi ya vituo vina fedha nyingine, basi soma masharti ya kila kituo kabla ya kukata tamaa. Budapest nako kuna muhula wa hisabati kwa wanafunzi wa nje, unaofundishwa kwa Kiingereza, tangu 1985. Someni tarehe mapema. Nimeona wanafunzi hodari wakikosa nafasi kwa sababu walianza kutafuta fomu wiki ambayo dirisha linafungwa.

Mashindano. Hapa nitakuwa mkweli, kwa sababu jambo hili limewaumiza wengi. Mashindano ya Putnam, ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Kanada, yana maswali 12, kila swali alama 10, saa sita kwa siku moja. Jumla ni 120. Mnajua alama ya katikati, ile ambayo nusu ya washindani hawaizidi? Miaka mingi imekuwa 0 au 1. Nimesema sifuri au moja! Na wanaokaa kwenye chumba kile ni vijana waliochagua wenyewe kuja kwa sababu wanaiweza hisabati. Kwa hiyo ukijaribu maswali ya namna hii ukapata sifuri, umekaa na watu wazuri. Kwa wanafunzi wa nchi zote yapo ya IMC, yaliyoanza 1994, ambayo huko Bulgaria huwakutanisha vijana wa mataifa mengi. Maswali yake ya miaka yote yapo wazi kwenye intaneti. Usisafiri kama huna nauli. Chukua swali moja, ulipeleke kwenye kikundi chako.

Lakini kama mtaniuliza moyo wangu uko wapi, uko kwenye mashindano ya kuunda modeli, yaani kulieleza jambo la maisha kwa hesabu. Yapo ya shirika la COMAP, tangu 1985: timu ya watu wasiozidi watatu, siku nne, tatizo moja la maisha ya kweli, na mwishoni mnapeleka ripoti mliyoiandika. Vitabu vinaruhusiwa, kompyuta inaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kuomba msaada wa mtu wa nje ya timu.

Niliwahi kusimamia timu moja. Nilichoruhusiwa kufanya ni kuwafungulia chumba na kukaa kimya. Usiku wa tatu nikapita kuwatazama. Ubao mzima ulikuwa umefutwa. Binti mmoja amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anasema taratibu, "Modeli yetu inatoa idadi hasi ya watu." Siku mbili za kazi zimekwenda. Mwenzake akajibu, "Basi tumejifunza dhana gani ni ya uongo." Wakaanza upya, modeli ndogo zaidi, na kwenye ripoti wakaandika kwa uaminifu ya kwanza ilivunjikia wapi. Hawakushinda nafasi ya juu. Lakini mmoja wao alipokwenda kuomba kazi, alipoulizwa, "Tueleze mara uliyokosea," alikuwa na la kueleza kwa dakika ishirini.

Kufundisha wenzenu nitalisema kwa ufupi, ingawa kwangu lina uzito mkubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu alijitolea kuwasaidia wa mwaka wa kwanza juu ya ukomo, ile habari ya epsiloni na delta. Alikuwa na alama ya juu kabisa katika somo hilo. Dakika ya kumi akaulizwa na kijana mmoja: "Dada, kwa nini epsiloni inatangulia? Kwa nini tusichague delta kwanza?" Akafungua mdomo, akaufunga. Aliniambia baadaye kwamba alilala na swali lile siku mbili, na asubuhi ya tatu akalipata kama mchezo wa watu wawili: mmoja anadai usahihi anaoutaka, ndiyo epsiloni, mwingine lazima ajibu kwa umbali unaotosha, ndiyo delta; ukimruhusu anayejibu aanze, anajibu nini wakati hajaulizwa? Alama ya juu alikuwa nayo tangu zamani. Uelewa aliupata siku aliyoulizwa na mtoto wa mwaka wa kwanza.

Na mkiwa mnafundishana, jifunzeni kuandika. Nasema LaTeX, programu ya kupangia maandishi ya hisabati, jifunzeni mwaka huu. Msingi wake, TeX, ulitengenezwa na Donald Knuth mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu hakuridhika na jinsi kitabu chake kilivyopigwa chapa. Ni ya bure. Andika noti za somo moja kwa LaTeX, uwape wenzako wakusahihishe.

Sasa kazi, kwa sababu najua wazazi wanawauliza. Hisabati inaajiri kwenye takwimu, kwenye bima, kwenye benki, kwenye programu za kompyuta, kwenye usalama wa mawasiliano, kwenye hali ya hewa. Wanaotaka takwimu bima wajue kwamba mitihani ya taaluma hiyo inaweza kuanza mkiwa bado wanafunzi. Mmoja wa mitihani ya mwanzo ya Society of Actuaries ni wa uwezekano, somo ambalo wengi wenu mnalisoma hapa hapa. Wote, bila kubagua, jifunzeni lugha moja ya programu vizuri. Na wanaotaka kuendelea na masomo, taasisi ya sayansi za hisabati ya Afrika, AIMS, iliyoanza mwaka 2003 karibu na Cape Town na sasa ina vituo pia Senegali, Ghana, Kameruni na Rwanda, inatoa shahada ya uzamili kwa wahitimu wa Afrika kwa ufadhili.

Maombi hayo yote yatataka barua ya mapendekezo, na barua hiyo huandikwa na watu kama mimi. Kila mwaka anakuja mwanafunzi mwenye alama nzuri, naketi kumwandikia, na naona ninachoweza kusema ni kwamba alipata alama nzuri. Alama zake tayari wanazo! Yule wa karatasi mbili na neno lililopigiwa mstari, yeye nilimwandikia kurasa mbili, na nililazimika kupunguza.

Dada mmoja ameniuliza kabla sijapanda hapa: "Mwalimu, mimi nafanya kazi usiku ili nilipe ada. Hayo yote nitayafanya lini?" Dada yangu, usiyafanye yote. Hakuna anayeyafanya yote. Chukua saa moja kwa wiki, iwe ya kikundi, na hiyo saa usiiache hata ikija mvua ya mitihani. Na ninyi mlio kwenye kikundi chake, pangeni saa inayomfaa yeye.

Nimemaliza. Karatasi za kujiandikisha ziko pale mlangoni: moja ya vikundi, moja ya timu za modeli, moja ya wanaojitolea kufundisha mwaka wa kwanza. Mnakumbuka nilisema pembetano inahitaji pointi 9? Maana yake unaweza kuweka pointi 8, tatu zisiwe kwenye mstari mmoja, na usipate popote pembetano isiyobonyea. Mimi nimeshachora pointi saba ubaoni. Ya nane iko mahali fulani. Chaki hii hapa, na ukumbi tumeruhusiwa kukaa hadi saa mbili usiku.